Klinostati Haifuti Mvutano wa Dunia, Inaunyima Upande

Karibu kila aliyesoma Baiolojia kidato cha tatu na cha nne amewahi kuchora klinostati. Ni ule mchoro wa kisahani kilichosimama wima, mche umebanwa katikati, nyuma yake kuna kiboksi cha mota, na mshale wa kuonyesha kwamba kinazunguka. Chini ya mchoro tunaandika sentensi moja tuliyoimeza: klinostati huondoa athari ya mvutano wa dunia kwenye mmea. Unapata alama zako mbili, unaenda swali linalofuata. Wengi tuliingia chuo tukiwa tumeichora mara kumi na hatujawahi kuiona hata mara moja.

Nataka kueleza mashine hii inafanya nini hasa. Sababu ya kwanza ni kwamba nusu ya watu ninaokutana nao kwenye njia za hapa Malimbe wanasomea ualimu kama mimi, na mwakani watakuwa wanaichora wao ubaoni. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: mashine hiyo ya kwenye kitabu, tunayoiona kama picha ya mtihani, ndiyo hiyo hiyo wanayotumia watafiti wa anga kuchunguza seli za binadamu, za mimea na za bakteria bila kurusha roketi. Na wao wanaogopa ile sentensi yetu ya alama mbili. Wanajua haijakamilika.

Tuanze na mwanaanga anayeelea. Ukimuuliza mtu yeyote kantini kwa nini anaelea, atakwambia kule juu hakuna mvutano wa dunia. Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi tu. Kwa kimo hicho mvutano wa dunia umepungua kidogo sana, umebaki karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Yaani kama ungejengwa mnara wa kilomita 400, ukapanda na mizani yako, mtu wa kilo 60 angesoma kama kilo 53. Asingeelea hata kidogo. Angesimama pale juu akisikia baridi.

Kinachomfanya mwanaanga aelee ni kwamba anaanguka, na chombo chake kinaanguka pamoja naye kwa mwendo ule ule. Watoto wa Mwanza wanaijua hali hii kuliko wanavyodhani. Jiji letu ni la mawe, na popote mwamba ulipoingia ziwani utakuta watoto wanajirusha kutoka juu yake. Mwamba wa mita tatu unampa mtoto sekunde 0.8 hivi kabla hajagusa maji. Katika muda huo mfupi, kama angekuwa ameshika ndoo yenye jiwe ndani, jiwe lisingekandamiza kitako cha ndoo. Vyote vinaanguka sawasawa, kwa hiyo hakuna kinachomlemea mwenzake. Hiyo ndiyo maikrograviti, na mtoto ameipata bure. Tofauti yake na mwanaanga ni kwamba chombo cha anga kinakwenda pembeni kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Kinaanguka kuelekea dunia, lakini dunia nayo ni duara, inajipinda chini yake, hakiifikii.

Sasa mtafiti mwenye seli zake kwenye kichupa afanye nini? Kumrushia kichupa anga za juu ni gharama na foleni ya miaka. Anaweza kukiangusha. Pale Bremen, Ujerumani, upo mnara wenye bomba la kuangushia la mita 110 ambalo hewa huondolewa ndani, na kifaa kikiachiwa kinaanguka kwa sekunde 4.74. (Piga hesabu mwenyewe kwa ile fomula ya Fizikia ya sekondari, inatoka.) Anaweza pia kupanda ndege maalumu inayopaa na kushuka kwa kufuata mkunjo kama wa jiwe lililotupwa, akapata takriban sekunde 22 kila mkunjo. Kwa mwanafizikia anayechunguza moto au matone, sekunde hizo zinatosha sana. Kwa mtu wa seli, ni kidogo mno. Mzizi unahitaji masaa kuonyesha umegeuka, na chembe nyeupe za damu ukizichokoza zinachukua siku kadhaa hadi uone zimegawanyika vya kutosha kupima. Kwa hiyo mtu wa baiolojia anabaki na njia moja ya bei nafuu, nayo ni kuzungusha.

Fikiria mshikaki juu ya jiko. Ukiuacha bila kuugeuza, upande wa chini unaungua na wa juu unabaki mbichi. Ukiuzungusha taratibu bila kuacha, hakuna upande unaopata joto muda mrefu kuliko mwingine. Moto haujapungua. Makaa ni yale yale. Ulichofanya ni kuuzuia moto usiwe na upande wake kwenye ile nyama. Klinostati inafanya hivyo hivyo kwa mmea. Mvutano wa dunia upo wote, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kila nukta ya siku, ila kwa kuwa mmea unageuzwa daima, "chini" inakuwa upande huu, kisha ule, kisha ule mwingine, na ukijumlisha mzunguko mzima pande zote zinafutana.

Hilo linafanya kazi kwa sababu mmea unatambua chini kwa kuchelewa. Kwenye ncha ya mzizi, ndani ya ile kofia yake, kuna seli zenye punje za wanga nzito kuliko majimaji yanayozizunguka. Punje zinazama hadi upande wa chini wa seli, kama mchanga kwenye chupa ya maji ya ziwa. Ukiulaza mzizi, punje zinaporomoka hadi kwenye ukuta mpya wa chini, seli inapata habari, na homoni ya auksini inapelekwa kwa wingi upande huo. Kwenye mzizi auksini nyingi inapunguza kurefuka, kwa hiyo upande wa chini unachelewa, wa juu unakimbia, na mzizi unapinda kwenda chini. Ila punje zinahitaji muda kuzama. Ukiugeuza mche kabla punje hazijatulia mahali, seli haipati jibu la kueleweka la swali "chini ni wapi?"

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga maharage yanayoota kwenye gurudumu lililokuwa linazungushwa na maji ya kijito bustanini kwake, zaidi ya mara 100 kwa dakika. Mizizi ikakua kuelekea nje ya gurudumu, mashina yakaelekea ndani. Kwa kasi ile alikuwa ametengeneza "chini" ya bandia, na mimea ikaifuata bila ubishi. Baadaye, miaka ya 1870, Mjerumani Julius Sachs alifanya kinyume chake: akazungusha polepole, mzizi usipate chini yoyote. Ndiye aliyeipa klinostati jina. Kwa hiyo zungusha haraka unaongeza uzito, zungusha taratibu unaupoteza mwelekeo. Mashine ni moja, kasi ndiyo inayoamua, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa ualimu tunapopita mbio wakati ndipo penye utamu.

Chukua chupa ya maji yenye tope laini. Ikisimama, tope linatua. Ilaze na uizungushe kama mtu anayebingirisha chapati, polepole: kila chembe inaanza kuanguka, lakini kabla haijafika ukutani ukuta umeshahama na chini imebadilika. Chembe inabaki inachora viduara vidogo mahali pale pale ndani ya maji yanayozunguka pamoja nayo. Ukizungusha polepole kupita kiasi, inafika ukutani. Ukizungusha kwa fujo, inatupwa pembeni kama nguo kwenye mashine ya kukamua. Kiasi cha kutupwa huko unaweza kukihesabu: ni kasi ya mzunguko kwa kipeo cha pili mara umbali kutoka kwenye mhimili. Seli iliyo sentimita 3 kutoka katikati, ikizungushwa mara 60 kwa dakika, inasukumwa nje kwa karibu asilimia 12 ya mvutano wa dunia. Hapo huwezi kusema umeiga anga za juu. Lakini ukiiweka kwenye mrija mwembamba, iwe milimita 2 tu kutoka katikati, kasi ile ile inampa asilimia 0.8. Ndiyo maana klinostati za seli zinazozunguka kwa kasi hutumia vimirija vyembamba. Zile za miche, zenye visahani vipana, zinakwenda taratibu, mara moja au chache kwa dakika.

Zipo na nyingine. Ipo yenye fremu ndani ya fremu, kila moja na mhimili wake, zinageuka kwa kubahatisha ili chini isiwe na mpangilio hata wa duara. Na Shirika la Anga la Marekani, kwenye kituo chake cha Houston, lilitengeneza miaka ya 1980 chombo cha mduara kinachojazwa virutubisho hadi juu bila kuachwa hata kipovu kimoja cha hewa, kwa sababu kipovu kikipita kinakoroga. Seli zikizungushwa humo haziketi kitako kama zinavyofanya kwenye sahani ya maabara. Zinakutana, zinashikana, zinajenga vibonge vinavyofanana zaidi na nyama halisi ya mwili.

Je, mashine hizi zinasema kweli? Nina mifano miwili, na inavuta pande tofauti kidogo.

Wa kwanza unatuhusu watu wa Mwanza, kwa sababu hapa ukiumwa kichwa siku mbili jirani ameshakuambia ni taifodi. Bakteria ndugu wa yule wa taifodi, anayeitwa Salmonella Typhimurium, alikuzwa na timu ya Cheryl Nickerson kwenye kile chombo cha kuzunguka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba bakteria waliokuzwa hivyo waliwaua panya kwa ukali zaidi kuliko wenzao wa kawaida. Hiyo ilikuwa ardhini. Mwaka 2006 bakteria hao wakapelekwa angani kwa kweli, na ukali ukaongezeka vilevile. Gurudumu la mezani lilikuwa limetabiri safari ya anga.

Wa pili ni wa Augusto Cogoli na chembe nyeupe za damu, zile zinazotakiwa kuamka na kuzaliana mwili ukivamiwa. Kwenye klinostati kuamka kwao kulipungua. Zilipopelekwa kwenye maabara ya Spacelab 1 mwishoni mwa 1983, ziliitikia kwa chini ya asilimia 3 ukilinganisha na zilizobaki ardhini. Mwelekeo ulikuwa ule ule, lakini pigo la angani lilikuwa zito kuliko klinostati ilivyoonyesha. Kwa hiyo watafiti makini hawaandiki kwamba seli zao "zilikuwa kwenye maikrograviti". Wanaandika maikrograviti ya kuigwa. Neno moja tu, lakini ndilo linalotofautisha mtu anayejua mashine yake na mtu anayeiamini tu.

Kuna jambo moja la pembeni limenifurahisha. Maabara ya Wajapani kwenye kile kituo cha anga inaitwa Kibo. Kwao maana yake ni tumaini, haihusiani na kilele chetu cha Kilimanjaro, ila mtu wa Moshi anaruhusiwa kutabasamu. Kutoka Kibo hiyo ndipo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa Mei 2018. Na ndani yake upo mtambo wa kukuzia seli wenye sehemu mbili: moja zinaelea, nyingine inazungushwa kwa kasi ili kurudisha uzito wa duniani. Yaani huku chini tunazungusha kupoteza chini, kule juu wanazungusha kuitengeneza, ili kila mmoja apate cha kulinganishia.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona kwa macho. Fildi yangu ya kufundisha nilifanya kwenye shule ya kata moja kando ya ziwa, kidato cha tatu, wanafunzi zaidi ya 60 darasani na maabara ambayo ni chumba chenye meza. Mada ilikuwa mwitikio wa mimea. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu, iliyoko Vienna, ilianza mwaka 2013 kugawa klinostati kwa shule na vyuo vya nchi mbalimbali, na ikatoa kijitabu cha mwalimu kinachoeleza majaribio ya mimea hatua kwa hatua. Kijitabu hicho kinapatikana bure, bumu haliguswi. Klinostati yenyewe hatukuwa nayo, lakini kijitabu kinakupa kitu muhimu zaidi, nacho ni nini kilinganishwe na nini.

Mota nilipata kwa fundi wa vifaa vya umeme mjini: zile ndogo zinazozungusha sahani ya maikrowevu, mizunguko mitano hivi kwa dakika. Nilichukua mbili kutoka kwenye maiti za maikrowevu zilizokuwa zimerundikwa nyuma ya kibanda chake. Zinatumia umeme wa ukutani, kwa hiyo fundi ndiye aliyefunga nyaya na kuziba kila mahali pa wazi, na wanafunzi hawakuzigusa. Tuliotesha choroko kwenye tishu zenye maji kwa siku mbili, tukachagua zenye mizizi iliyonyooka, tukazipanga kwenye visahani vitatu vya plastiki vyenye mfuniko, mizizi ikielekea pande nne kama saa 12, saa 3, saa 6 na saa 9 kwenye uso wa saa. Kisahani cha kwanza kilisimama wima bila kuzunguka. Cha pili kilisimama wima kikizunguka kama gurudumu la baiskeli. Cha tatu kilizunguka kwa kulala kama sahani ya santuri. Vyote vikafunikwa kwa maboksi, mwanga usije ukatuletea mambo yake.

Kisahani cha tatu ndicho hakipo kwenye vitabu vyetu, nacho ndicho kinachofanya jaribio liwe jaribio. Kinatetemeka kama cha pili, kinapata joto la mota kama cha pili, kinazunguka idadi ile ile. Tofauti ni kwamba chini yake haibadiliki. Kama mizizi ya cha pili ikifanya vituko kwa sababu ya kutikiswa tu, cha tatu kitakuambia.

Kufikia jioni kisahani cha kwanza kilikuwa kimeshatoa jibu: mizizi yote, hata ile ya saa 12, inapinda kuelekea sakafuni. Cha tatu, mizizi ilikuwa inajikunja kuelekea kwenye tishu, yaani chini. Cha pili ilibaki imetazama pande zake nne. Sio kwamba ilinyooka kama rula. Mingine iliyumba kidogo huku na huku, maana mzizi usio na habari hutangatanga. Darasa lilipiga kelele. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, ingawa kanuni ya shule ni Kiingereza, "Mwalimu, kwa hiyo ndani ya kile kisahani hakuna graviti?" Nikamjibu kwa Kiswahili pia, kwa mfano wa mshikaki. Niliona nyuso za waliokubali na nyuso za walionikubalia tu kwa adabu.

Usiku ule umeme ukakatika. Mlinzi alituambia ulikatika kwenye saa saba, ukarudi karibu na saa kumi. Tulipofunua asubuhi, kisahani cha pili kilikuwa kinazunguka kama kawaida, lakini kila mzizi ulikuwa na kiwiko. Mizizi ya pande zote nne ilikuwa imepinda kuelekea upande mmoja, ule uliokuwa chini mota iliposimama, kisha baada ya kiwiko ikaendelea kutangatanga kama mwanzo. Hata alama ya kalamu tungeweza kuweka: hapa saa saba, hapa saa kumi.

Binti wa dawati la mbele aliyekuwa kimya wiki nzima akasema, "Kumbe ilikuwemo muda wote." Sikuwa na cha kuongeza.

Kilichofuata sikukipanga. Walitaka tuzime mota kwa makusudi. Wakagawana makundi, kila kundi na muda wake wa kuzima kabla ya kuwasha tena: saa mbili, saa moja, nusu saa. Saa mbili, kiwiko. Saa moja, kiwiko. Nusu saa, kiwiko hafifu ila kipo, na hakikuonekana pale pale. Kilijitokeza baadaye mota ikiwa imeshaanza kuzunguka, kama vile mzizi ulipokea habari na kuitekeleza ukiwa tayari umeshanyang'anywa chini yake. Siku ya mwisho ya fildi walikuwa wameshuka hadi dakika 20, na mizizi ilikuwa bado inapinda. Mota nimewaachia. Juzi kiongozi wa darasa aliniandikia ujumbe akiuliza kama dakika 10 zitatosha au wanapoteza choroko. Nimemwambia wajaribu, na wasisahau kisahani cha tatu.